Kiwavi Aliyemwita Mashavu Mama

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye tonge mdomoni?

Ameze!

Mwenye usingizi?

Akanawe uso!

Haya, sogeeni. Hadithi hii nilipohadithiwa mimi nilikuwa mdogo kama ninyi, na siku tatu nzima sikuthubutu kuingia chumbani peke yangu kuchukua hata kanga.

Hapo kale, katika kijiji kimoja kilichokaa mgongoni mwa mlima, alikuwako mwanamke jina lake Mashavu. Mumewe aliitwa Kibwana, mrina asali, mtu wa kuingia msituni mwezi mzima na kurudi ndevu zimemfunika uso. Walikuwa na watoto wawili wa kike. Mkubwa ni Semeni, aliyeweza kusonga ugali wa watu wanne bila kusaidiwa. Mdogo ni Tunu, ndiyo kwanza anajifunza kusema. Neno lake lilikuwa moja tu, "tata". Maji tata, kuku tata, baba tata, mama tata.

Mashavu alikuwa na kazi ambayo pale kijijini hakuna mwingine aliyeiweza. Alifuga viwavi ndani ya nyumba. Ndiyo, viwavi! Msikunje nyuso. Viwavi wa nondo, wale wanaotoa uzi wa hariri.

Aliokota mayai kwenye majani ya mforosadi, madogo kama mbegu za mchicha, akayaweka kwenye ungo juu ya chanja. Miguu ya chanja aliisimamisha ndani ya vifuu vya maji, sisimizi wasipande. Mayai yakianguliwa, anawakatia majani membamba, makavu, yasiyo na tone la umande. Wanakula, wanakula, wanakula, na ukitulia chumbani unasikia kama mvua ndogo juu ya makuti.

Semeni alijifunza yote kwa mama yake.

"Mama, mbona huyu hali?"

"Anataka kuvua ngozi. Tazama, ameinua kichwa, katulia kama anayesikiliza kitu. Atakaa hivyo kwa muda, halafu ngozi ipasuke, atoke akiwa laini. Hapo usimguse hata kwa jani."

"Kwa nini?"

"Hapo hana kinga. Hata unyasi unamtoboa. Ngoja ngozi ikauke, ndipo anakuwa mdudu tena."

Mara nne viwavi huvua ngozi, kisha hujisokotea uzi, na Mashavu akaufuma uzi ule ukawa kitambaa. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kukipapasa. "Mashavu, mikono yako!" walisema. Na Mashavu, wanangu, alipenda sana kusikia maneno hayo. Alipenda kupita kiasi.

Basi, siku moja baada ya mvua kubwa, Mashavu na Semeni walikwenda kutafuta mayai. Chini ya jani moja Mashavu akaona yai moja, kubwa kama punje ya kunde, jeusi, lina joto.

"Mama, hili si yai la nondo," akasema Semeni.

"Yai kubwa litatoa kiwavi mkubwa. Kiwavi mkubwa atatoa uzi mrefu."

"Mama, lina joto kama mtu mwenye homa."

"Nipe ungo, mwanangu."

Siku ya pili yai likawa kama la njiwa. Siku ya tatu likawa kama la kuku. Siku ya nne likapasuka, akatoka kiwavi mweusi mwenye urefu wa kidole. Akala majani yote ya ungo. Akala na ungo wenyewe. Akavua ngozi, akawa kama mkono wa mtu. Akala matawi mawili ya mforosadi, maganda na vijiti. Akavua tena ngozi, akawa kama mbuzi aliyelala.

Mashavu akamhamishia chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa komeo. Kwa watu hakusema neno. Alitaka siku moja atoke na kitambaa ambacho hakijawahi kuonekana, wote washike vinywa.

Siku moja asubuhi kuku wa jirani yao alipenya chini ya mlango ule. Jirani huyo alikuwa Bi Hadia, mjane, aliyekuwa na kuku mmoja na mbuzi mmoja, basi. Mashavu akasikia kwaa! Mara moja tu. Akafungua mlango.

Manyoya yalikuwa yanaelea chumbani. Kiwavi akageuza kichwa polepole. Yallah! Hakuwa na macho ya mdudu. Alikuwa na macho ya mtu, yana weupe na weusi, yana kope. Na kinywa kikafunguka, kikasema:

"Mama."

 Mashavu akajishikiza kwenye mwimo wa mlango. Na kiwavi akaimba kwa sauti nyembamba kama ya mtoto:

*Kiwavi wako nina njaa,*
*majani hayanishibishi,*
*fungua mlango, mama,*
*nile, nikue, niruke.*

"We ni nani?" akauliza Mashavu.

"Mimi ni mwanao. Hukuniweka wewe kwenye ungo? Hukunikatia majani wewe? Nilishe, mama, nami nitakupa hiki."

Akatema uzi. Uzi wa rangi ya fedha, mnene kama ukambaa, unang'aa hata mle gizani. Mashavu akaugusa. Alikuwa bado anaogopa, lakini aliugusa.

Wanangu, pale angepiga yowe. Angeita watu. Hakuita. Alifagia manyoya, akafunga komeo.

Kugeuka, Semeni yuko nyuma yake, mikono kichwani.

"Mama! Limesema! Nimelisikia, limesema!"

"Nyamaza. Watu wakijua wataichoma nyumba hii nasi tumo ndani. Umenisikia?"

Semeni akanyamaza. Jioni Bi Hadia akaja uani.

"Mashavu, hodi. Hujamwona kuku wangu?"

"Sijamwona mimi," akasema Mashavu.

Bi Hadia akaenda zake akiita kwenye vichaka, kuu kuu kuu, na Semeni akajificha jikoni asimsikie.

Kiwavi akavua ngozi mara ya tatu. Ngozi hii ya sasa ilikuwa ngumu, ina mng'ao wa jiwe la mtoni. Akawa na ukubwa wa ng'ombe. Na sauti ikatoka chumbani, si nyembamba tena:

*Kiwavi wako nina njaa,*
*majani hayanishibishi,*
*fungua mlango, mama,*
*nile, nikue, niruke.*

Mashavu akakaa siku mbili ameziba masikio. Ukuta ukaanza kutikisika. Siku ya tatu, mchana kweupe, watu wakiwa mashambani, Mashavu akaenda nyuma ya nyumba ya Bi Hadia, akamfungua mbuzi kambani, akamwingiza mwenyewe kwa mkono wake. Mbuzi alimtazama. Mlango ukafungwa. Mlio ukakatika katikati.

"Mashavu, hodi. Hujamwona mbuzi wangu?"

"Sijamwona mimi."

"Kamba imefunguliwa, haikukatwa. Ni mtu huyu, Mashavu. Ni mtu." Bi Hadia akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nilimlea kwa uji, mbuzi yule, tangu mama yake alipokufa."

"Pole, dada," akasema Mashavu, na hakuweza kumtazama usoni.

Semeni alikuwa anatwanga. Mchi ukamtoka mkononi. Lakini alikuwa ameambiwa anyamaze, akanyamaza.

Kiwavi akavua ngozi mara ya nne. Sasa alijaza chumba kizima, mgongo unagusa dari, na mlangoni asingeweza kupita tena. Mashavu alipochungulia kwenye upenyo aliona kitu kilichomfanya arudi kinyumenyume mpaka akaanguka juu ya mafiga: kile kiwavi kilikuwa kimeota meno.

"Mama," kikasema, "viwavi wako wa kawaida huvua mara nne. Mimi navua mara tano. Nikivua ya tano naota mabawa, natoka kwa juu, na kijiji chote ni chakula changu. Wewe tu sitakula. Wewe ni mama."

Ndipo Mashavu akaelewa. Hakufuga nondo. Alifuga zimwi.

Siku moja asubuhi zimwi likaimba kwa mara ya tatu. Mashavu akasema, "Sina kitu! Sina kitu tena!" akatoka mbio kwenda kwa watani wake bondeni kuomba walau nyama kavu, alifunge kinywa mpaka mumewe arudi. Kwa haraka ile, komeo hakulisukuma mpaka mwisho.

Semeni alikuwa mtoni. Tunu alikuwa amekaa uani anachezea maganda ya karanga. Akasikia wimbo. Wimbo mtamu, kama wa kubembelezea.

"Tata?" akasema Tunu. Akasimama. Akaenda.

Semeni anarudi na mtungi kichwani, anaona mlango uko wazi. Anaona ndani ya mlango mguu mdogo wenye ushanga mwekundu kifundoni. Mguu unaingia kinywani. Ushanga ukaingia. Kinywa kikafumba.

Mtungi ulipasuka, maji yakammwagikia miguuni, na yeye hakujua kwamba anapiga kelele mpaka alipoishiwa pumzi.

Mashavu akatokea mbio, mikono mitupu. Akamwona Semeni. Akaona mlango. Akaona maganda ya karanga hayana mtu.

Na kama vile ilipangwa, saa ile ile Kibwana akaingia uani kutoka msituni, ndevu mpaka kifuani, mtungi wa asali begani, anacheka.

"Mke wangu! Tunu yuko wapi? Nimemletea sega zima."

Kinywa cha Mashavu kikafunguka chenyewe.

"Sijamwona mimi," kikasema.

Wanangu! Alishtuka mwenyewe kusikia sauti yake. Alijipiga kofi mdomoni. Alikuwa amezoea kusema vile, na sasa maneno yalikuwa yanatoka bila kuitwa.

Semeni akasema, "Anasema uongo, baba. Tunu ameliwa. Ameliwa na zimwi, liko chumba cha nyuma, tumelifuga wenyewe kutoka yai. Nami nilijua, nikanyamaza."

 Mtungi ulikuwa umeinama begani mwa Kibwana, asali inamtiririkia mgongoni na hakuihisi. Aliutupa mtungi, akachomoa panga, akaingia, akalipiga zimwi kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Panga likaruka kama limepiga mwamba. Akapiga tena, makali yakapinda. Akapiga mara ya tatu, panga likakatika vipande viwili.

"Baba," likasema zimwi, "unanitekenya."

Kelele zikaleta watu. Wakaja na mikuki, na shoka, na mienge. Walipoona kile kilichojaa chumba, wengine waligeuka wakakimbia hadi njia panda, ndipo wakakumbuka wake zao na kurudi.

"Choma nyumba!" wakasema. "Choma sasa hivi!"

Mwenge ulikwisha inuliwa kuelekea paa. Ndipo sauti ikatoka ndani ya tumbo la zimwi, ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima:

"Tata! Tata!"

 Aliyeshika mwenge akaushusha.

"Chomeni," likasema zimwi. "Mtachoma na mtoto wenu. Leo jua likigusa mlima, navua. Leo jua likigusa mlima, naota mabawa. Leo jua likigusa mlima, mtajuana tumboni mwangu."

Likainua kichwa. Likatulia kimya, kama linalosikiliza kitu.

"Msichome," akasema Semeni. "Limeanza kuvua ngozi. Likipasuka, ngozi ya ndani itakuwa laini, hata kisu cha kumenyea ndizi kitaingia. Tungoje lipasuke."

"Tungoje!" mzee mmoja akamjia juu. "Tungoje liote mabawa? Mtoto huyu amerukwa na akili. Mama yake aseme! Mashavu, kiwavi huyu ni wako au si wako?"

Wote wakamtazama Mashavu. Alikuwa amekaa chini, vumbi kichwani. Akajua kwamba akikanusha watachoma, na akikiri hatakuwa na uso wa kupita njia ile tena.

Akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Niliokota yai, nikaambiwa si yai la nondo, nikapuuza. Bi Hadia, kuku wako aliliwa humu. Mbuzi wako nilimfungua mimi, nikamwingiza mimi, kwa mkono huu. Ukaniuliza nikakudanganya machoni. Nilitaka uzi. Nilitaka kusifiwa. Semeni nilimfunga mdomo mimi. Lakini anayosema ni kweli. Mwili ukiwa umetoka tu kwenye ngozi hauna kinga, na hukauka upesi. Muda wake ni kama wa kuchemsha chungu cha uji. Nipeni kisu. Nitaingia mwenyewe."

 Bi Hadia akaja mbele, mdomo unamcheza. Watu walidhani atampiga. Akachomoa kisu kiunoni.

"Nakuchukia leo, Mashavu," akasema. "Nadhani na kesho nitakuchukia. Lakini mtoto hana kosa. Shika."

Basi wakangoja. Mchana ukapita, watu wameuzunguka mlango, hakuna anayekohoa. Sauti ya Tunu ikaja, ikapungua, ikaja tena, ikawa nyembamba kuliko uzi. Kibwana aliweka kiganja kwenye mgongo wa zimwi, mahali palipokuwa na sauti, na hakukiondoa. Kisha sauti haikuja tena.

"Anakufa," akasema Kibwana. "Mwanangu anakufa na mimi nimesimama."

"Bado, baba," akasema Semeni, machozi yanamtiririka. "Bado. Ukigusa sasa, hatoki kamwe."

Jua likagusa mlima.

Praaa! Ngozi ikapasuka kutoka kichwani hadi mkiani kama shuka inayochanwa. Kikatoka kitu ambacho mtu mmoja alikiona akaanguka palepale: kichwa cha zimwi chenye pembe, kifua cha zimwi, na mgongoni mabawa mawili yaliyokunjamana, yametota. Na mwili wote mweupe, laini, unatikisika kama nyama ya dafu.

Mashavu akaingia.

"Mama," likasema zimwi, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto tena. "Mimi ndiye ninayekuita mama. Huyo mwingine hajawahi kukuita hivyo hata siku moja. Utaniua mimi?"

Mkono wa Mashavu ukasimama hewani. Mabawa yakaanza kunyooka.

"Mama!" akapiga kelele Semeni. "Inakauka!"

"Mimi si mama yako," akasema Mashavu, akachoma.

Kisu kikazama kama kwenye ndizi mbivu. Akavuta kwenda chini. Akatoka kuku, amelowa, akakimbia. Akatoka mbuzi, akasimama kwa magoti. Tunu hakutoka. Na kisu kikaanza kuwa kizito. Kikakwama. Ngozi ilikuwa inakuwa jiwe kuzunguka makali.

Mashavu akaacha kisu, akatia mikono yote miwili ndani ya tundu, mpaka mabegani. Kingo zikamkaza. "Nimeshika mguu!" akalia. Semeni akamshika mama kiunoni, Kibwana akamshika Semeni, Bi Hadia akamshika Kibwana. Wakavuta. Wakavuta. Mara ya tatu wakaanguka wote chali uani, na Tunu juu yao, mwili mzima umezongwa nyuzi kama mtoto aliyefungwa ndani ya pamba. Hapumui.

Bi Hadia akazichana nyuzi zile kwa meno, akampuliza mtoto puani, akampiga mgongoni. Tunu akakohoa. Akalia. Na kijiji kizima kikalia naye, wanaume wazima.

Zimwi, tumbo wazi, lilikauka vile lilivyo, bawa moja limekunjuka na jingine bado. Kabla giza halijaingia likaanza kupasukapasuka kama udongo usiochomwa. Wakalisomba kwa matenga, wakalitupa korongoni.

Je, Mashavu alipata raha? Ngojeni. Mikono yake ilichunika ngozi kuanzia mabegani, ikachukua muda mrefu kupona. Bi Hadia alimchukua mbuzi wake, akampitia Mashavu kama anapita gogo. Hayo yote Mashavu aliyavumilia. Kisichovumilika kilikuwa kimoja: Tunu alimkataa. Mama akinyoosha mikono, mtoto anajificha nyuma ya Semeni na kutetemeka. Alikula kwa Semeni, alilala kwa Semeni. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo, siku ya nane hivyo. Mashavu hakumlazimisha, wala hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye hana kosa.

Siku ya tisa alikuwa amekaa kizingitini, anachambua mboga kwa vidole vyenye vidonda. Akahisi kitu begani. Tunu alikuwa amesimama nyuma yake. Mashavu hakugeuka. Aliogopa hata kupumua. Mtoto akazunguka taratibu, akakitazama kidonda cha mkono kwa muda mrefu, akakipuliza, kama unavyopuliza uji wa moto. Kisha akakaa mapajani mwake.

Hapo nafunga mzigo wangu wa hadithi. Anayeutaka aubebe nyumbani kwake. Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili moja: ukiona jambo la kutisha ndani ya nyumba yenu, liseme siku ile ile, hata kama limeanza kwa mkono wako mwenyewe. Usilifungie mlango ukalilisha.